Daftari la Wiki: Dodoma kwa Shoga Yangu

Shoga yangu ni katibu muhtasi wa wizara. Tulikuwa majirani Ilala, Dar es Salaam, tangu watoto wetu wanatambaa, na mpaka leo wanangu wakimtaja ni "mama mdogo", hawana jina jingine. Wizara ilipohamia Dodoma naye akahama. Akapanga huku, akapanga kule, na mwaka huu ameingia kwenye nyumba yake mwenyewe, upande wa Nzuguni. Alinipigia simu na maagizo mawili: nije na samaki aina ya changu wa kukaanga kutoka soko la Feri, tena wengi, na nije na sweta. Dodoma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Agosti kule unaanza alfajiri na hauna huruma na mtu wa pwani.

*

Nilipanda treni ya umeme ya Mchongoko Ijumaa mchana. Treni za umeme zilianza kufika Dodoma Julai 2024, na safari iliyokuwa ikichukua siku nzima barabarani sasa ni ya saa nne hivi. Mpaka Morogoro ni kijani. Ukishapita Kilosa na mahandaki yake, nchi inabadilika: udongo mwekundu, mawe makubwa yaliyopandana, na mibuyu isiyo na jani hata moja. Dada niliyekaa naye, Mgogo wa Mvumi, akaniambia nisiionee huruma, matunda yake ndiyo ubuyu tunaogombania Kariakoo.

Nilichokikosa ni vituo. Kwenye treni ya zamani, kina mama walikuja mpaka dirishani na mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga, kuku wa kienyeji kwenye sahani za bati. Familia nyingi za Kilosa na Gulwe zilisomesha watoto kwa biashara ile. Madirisha ya sasa hayafunguki, na ni sawa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Lakini wenye reli wakiamua kuwatengea kina mama hawa meza safi ndani ya stesheni, abiria atakula vizuri na pesa itabaki pale reli inapopita. Naliomba hilo kwa moyo wangu wote.

*

Stesheni ya Dodoma Ijumaa jioni inaeleza mengi kuhusu uhamisho wa serikali. Mimi nashuka, na ukumbi umejaa wanaosubiri kwenda Dar: mabegi ya kompyuta mgongoni, maboksi ya zabibu mkononi. Ni watumishi ambao kazi iko huku na familia iko kule. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa mamlaka ya CDA kuujenga mji, kisha miaka zaidi ya arobaini ikapita watu wengi wakibaki Dar. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba sasa serikali inahama kweli, na mwaka 2018 jambo likawekwa kwenye sheria. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 Dodoma mjini. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Hesabu hizo hazioneshi nani amekuja peke yake na begi. Baba anaonana na mwanawe Jumamosi, Jumapili anapanda treni. Ndoa nyingi zinaishi hivyo, na nadhani tunalizungumza kidogo mno.

Shoga yangu ni mjane, watoto wameshajitegemea, kwa hiyo hakuwa na pa kurudi kila Ijumaa. Anasema hilo ndilo lililomfanya ajenge.

*

Nyumba yenyewe: vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani na jiko la uani. Kaniketisha akaniletea hati ya kiwanja niishike kwa mikono yangu. Enzi za CDA, ardhi ya Dodoma ilikuwa inatolewa kwa miaka 33. Mamlaka hiyo ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kwenda kwa halmashauri, ndipo wenye viwanja wakafunguliwa njia ya miaka 99. "Miaka 33, shoga, unajenga ya nani?" akaniuliza. "Hii itakaa mpaka kwa wajukuu." Akaikunja, akairudisha kwenye bahasha, bahasha kwenye mfuko wa nailoni, mfuko kabatini, na ufunguo kwenye pindo la khanga.

Maji yanakuja kwa zamu. Mji huu kwa sehemu kubwa unakunywa visima vya Mzakwe, vilivyoanza kuchimbwa mji ukiwa mdogo, na mvua ina msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi. Kwa hiyo kila nyumba ina simtanki na kila mtu anaijua siku yake. Maji ya kuoshea mboga yanakwenda kwenye miche ya miembe. Amepanda mitano, na kila mmoja umezungushiwa miiba, maana mbuzi wa jirani hawajui mipaka.

*

Mtaa wao mpya una kuta ndefu na mageti ya chuma. Ukipita saa kumi jioni unasikia televisheni, huoni mtu. Ilala tulijuana kwa sababu ya baraza: ukitoka kumwaga maji tu umeshasalimia watu sita. Mafundi wa siku hizi hawajengi baraza na wenye nyumba hawaiulizii. Shoga yangu ameweka benchi la mbao nje ya geti, chini ya mwarobaini. Miezi ya mwanzo alikaa peke yake na chai yake. Kisha akaja bibi mmoja wa Kigogo anayeishi nyuma, mwenye mbuzi wale wale, akasalimia "Mbukwenyi", akakaa.

Jumamosi bibi huyo ndiye aliyetupikia. Maji yakichemka alitia magadi kidogo, kisha unga wa mlenda uliokaushwa na kutwangwa, akaunyunyiza kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipekecha, bila kusimama, mpaka ukavutika. Nyanya moja, chumvi, basi. Ugali ulikuwa wa uwele, mweusi mweusi, mzito. Changu wangu wa Feri tukawaweka pembeni. Bibi alimwonja mmoja, akatafuna taratibu, akasema ni mzuri ila ana miba mingi kuliko nyama. Kisha akanisogezea mlenda: "Kula, mwanangu, huu hauna mfupa."

*

Nilimuuliza shoga yangu lini alijiona mwenyeji. Hakutaja hati wala nyumba. Alisema ni siku mume wa jirani yao alipofariki, mzee wa mtaa akaja kumgongea saa kumi na moja alfajiri, akamkabidhi daftari la rambirambi: "Mama, wewe unaandika vizuri, na tunakuamini." Alikaa chini ya turubai siku tatu akiandika majina na kiasi, wengi wao watu asiowajua, wakimtajia majina ya Kigogo naye akiwarudishia herufi moja moja. Siku ya tanga kuvunjwa alisoma hesabu mbele ya wote, ikatimia mpaka shilingi ya mwisho. Tangu siku hiyo, anasema, hakuna harusi wala kitchen party mtaani isiyomfikia kadi yake.

Serikali inaweza kuhamisha mafaili kwa malori, na barabara na majengo ya mji wa serikali wa Mtumba yanaonekana. Lakini mtu mzima wa miaka hamsini na kitu kuanza ujirani upya ni kazi nyingine, na haimo kwenye bajeti ya wizara yoyote.

*

Ukiwa na ndugu au rafiki aliyehamia huko, nenda ukamwone. Usimsubiri aje Krismasi. Kila likizo ni yeye anayesafiri, na wageni humpa mtu uzito mbele ya majirani zake wapya. Kata tiketi mapema, maana treni za mwisho wa wiki hujaa haraka. Beba kitambulisho, beba sweta, na mpelekee kitu cha nyumbani. Ukifika, kaa naye nje ya geti, majirani wakuone.