Kiti Kitupu Mezani

Sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru tumezoea misafara ya wakubwa. Barabara inafungwa, daladala zinasubiri, jioni redio inatuambia kwamba amani imetiwa saini mjini kwetu Arusha. Warwanda walitia saini mkataba wao hapa tarehe 4 Agosti 1993. Miezi minane baadaye yakaanza mauaji ya kimbari. Warundi walitia saini wao tarehe 28 Agosti 2000, Mzee Mandela akiwa msuluhishi baada ya Mwalimu Nyerere kufariki. Lakini makundi makubwa ya wapiganaji hayakuwamo katika mkataba ule, na watu wakaendelea kufa.

Kiti kitupu cha hao wasiokuwapo mezani ndicho ninachoomba tukitazame.

Jengo la mikutano la AICC tunalojivunia lilijengwa liwe makao makuu ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, ile ya 1967. Jumuiya ilikufa, jengo likabaki. Idi Amin alipompindua Rais Obote wa Uganda Januari 1971, Mwalimu alikataa kuketi naye. Simlaumu kwa kumchukia dhalimu yule. Lakini vikao vya baraza la wakuu wa nchi za Jumuiya vilikoma, na magomvi ya Kenya na Tanzania juu ya reli, ndege na mapato yakakosa mahali pa kuamuliwa. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, nasi Watanzania tukaufunga mpaka wetu na Kenya. Nani aliumia? Si mawaziri. Ni mchuuzi wa Namanga mpakani, ni Mmasai mwenye boma Longido na ndugu zake Kajiado. Mpaka ulifunguliwa 1983, na mali ikagawanywa kwa mkataba uliosainiwa hapa Arusha Mei 1984. Jumuiya iliishi miaka 10. Kugombea urithi wake kulichukua miaka 7.

Leo Jumuiya iliyofufuliwa 1999 ina nchi 8, na ugonjwa ni ule ule. Burundi iliufunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, wakuu wa Jumuiya waliitwa kwa dharura, na Rais wa Kongo hakushiriki. Kinyongo chake kina sababu: wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza jinsi jeshi la Rwanda linavyowasaidia waasi, ingawa Rwanda hukanusha. Hata hivyo, mwenye mashtaka ndiye anayelihitaji baraza kuliko wote. Akiondoka, anamwachia mshtakiwa ukumbi mzima.

Basi na tudai mambo mawili yaandikwe katika mkataba wa Jumuiya. Mkuu wa nchi asiyefika amtume mwenye mamlaka ya kuamua, wala asiruhusiwe kuacha kiti wazi. Na nchi mwanachama isiwafungie raia wa jirani mpaka kabla wakuu hawajakutana.

Waheshimiwa wabunge wa Afrika Mashariki, makao yenu yako hapa hapa Arusha, na Namanga si mbali. Nendeni mkawaulize wazee wa pale waliishije kuanzia 1977 hadi 1983, kisha mrudi kuandika sheria.