AFYA NYUMBANI: Mafua Yarudiayo Kila Mwaka

Mvua za masika zikipungua, nyasi za nyanda za juu hutoa maua, na wako watu ambao taabu yao huanza hapo. Karani hupiga chafya mfululizo juu ya daftari lake. Mkulima hufyeka majani huku macho yakimwasha na kumtoka machozi. Jirani mmoja husema ni mafua, na mwingine hunong'ona habari za uchawi. Mara nyingi si hili wala lile: ni mzio wa chavua, yaani ule unga mwembamba wa maua upeperushwao na upepo.

Mwaka 1819 huko London, daktari John Bostock aliwaeleza madaktari wenzake maradhi kama hayo yaliyompata yeye mwenyewe kila kiangazi. Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa, alirusha tiara zenye vioo vya kunata ili anase chavua iliyo juu hewani. Katika kitabu chake cha mwaka 1873 alionyesha kwamba mkosaji ni chavua ya nyasi.

Basi yasilaumiwe mawaridi ya uani. Maua ya rangi nzuri huchavushwa na wadudu, na unga wake hunata, hausafiri mbali. Unga wa nyasi ni mwepesi, huvuka mabonde.

Mafua ya kawaida hupona kwa muda wa siku saba au kumi, na huenda yakaleta homa. Mzio hudumu majuma mengi, hauna homa, kamasi yake ni nyepesi kama maji, na pua na macho huwasha sana.

Mwenye taabu hii yafaa amwombe mwingine amfyekee nyasi, au ajifunge kitambaa puani na mdomoni. Akirudi nyumbani avue nguo za shambani, anawe uso na nywele. Nguo zilizofuliwa zisianikwe juu ya majani yenye maua.

Dawa zipo. Vidonge vya mzio vya aina ya zamani huleta usingizi, hivyo mwenye kuendesha gari au mashine asivimeze kabla ya kazi. Aulize vya aina mpya, kama setirizini au loratadini, ingawa hivyo navyo huwalevya usingizi watu wachache. Dawa ya kupuliza puani ambayo daktari huagiza hutumika kila siku, na hufaa zaidi ikianzwa majuma mawili kabla ya majira. Lakini matone ya kuzibua pua yasizidi siku chache, maana yakizidi pua huziba kuliko kwanza.

Mzio huu usidharauliwe. Mwezi wa Novemba 2016, majira ya kuchipua huko Melbourne, Australia, dhoruba ya radi iliivunja chavua ya nyasi ikawa chembe ndogo ziingiazo mpaka mapafuni. Maelfu ya watu walikimbilia hospitali kwa shida ya kupumua, na watu 10 wakafa. Wengi wa walioshikwa walikuwa wenye mafua ya chavua, na baadhi yao hawakupata kujua kwamba wana pumu.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mtoto apigaye chafya majira ya maua, kisha kifua kikaanza kulia kama filimbi usiku, asingojewe mpaka nyasi zikauke. Apelekwe kwa daktari upesi.