Majibu ya maabara si hukumu ya kadhi

Tuseme mwanao huko Shela ameamka na homa na viungo vinamuuma. Mnapanda mashua hadi mjini Lamu, anatolewa damu, na karatasi inarudi ikisema ugonjwa umeonekana. Daktari anakuhakikishia kwamba kipimo ni kizuri: katika kila watu 100 wasio na ugonjwa huo, kinawasingizia watano tu. Je, kuna uwezekano gani kwamba mtoto anao kweli?

Ukijibu 95 katika 100, usione haya. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwauliza madaktari na wanafunzi wa udaktari 60, katika hospitali za Chuo Kikuu cha Harvard, swali la namna hiyo. Ugonjwa waliopewa humpata mtu mmoja katika 1,000. Jibu lililotolewa na wengi zaidi lilikuwa asilimia 95. Waliopata ni 11 tu.

Hesabu yenyewe ni ya dukani. Pima watu 1,000. Mgonjwa ni mmoja, naye ataonekana. Waliobaki 999 hawana kitu, lakini kipimo kitawasingizia kama 50. Walioambiwa "unao" ni 51, na mwenye ugonjwa ni mmoja. Hata wawili katika 100 hawafiki!

Sasa turudi Lamu, mwaka 2004. Chikungunya, ugonjwa unaoenezwa na mbu, ulilipuka katika kisiwa hicho ambacho Shela ni sehemu yake. Uchunguzi wa damu uliofanywa Oktoba ulikadiria kwamba asilimia 75 ya wakazi, kama watu 13,500, walikuwa wameambukizwa. Chukua kipimo chetu kile kile. Kati ya watu 1,000, walioambukizwa ni 750, nao wote wataonekana. Kati ya 250 waliobaki, watasingiziwa 12 au 13. Aliyeambiwa "unao" hapo anao kweli, mara 98 katika 100.

Kipimo hakikubadilika. Kilichobadilika ni wingi wa ugonjwa mahali pale, wakati ule.

Hapa ndipo ninapowalaumu matabibu wetu. Wengi huisoma karatasi bila kuusoma mji. Isitoshe, baadhi ya vipimo havitafuti kijidudu chenyewe bali alama za kinga ambazo mwili ulitengeneza kupigana nacho, na alama hizo zaweza kudumu miaka mingi. Mzee wa Shela aliyeugua mwaka 2004 anaweza kuonekana nazo leo, ilhali homa ya leo imeletwa na jambo jingine. Kipimo cha Widal cha homa ya matumbo kina ila kama hiyo. Basi mgonjwa ananunua dawa za ugonjwa asio nao, na ule alio nao unaendelea kumla taratibu.

Daktari atasema foleni ni ndefu na malaria haingoji. Ni kweli, na mtu mwenye malaria asicheleweshwe hata kidogo. Lakini tazama virusi vya Ukimwi. Huko mtu haambiwi anavyo kwa kipimo kimoja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zote zitumie vipimo vitatu mfululizo, kwa sababu kati ya wanaopimwa, wenye virusi wamezidi kupungua. Kwa nini busara hiyo isifike kwenye homa za kila siku?

Naomba kila zahanati ibandike ukutani, kila mwezi, ni wangapi walipimwa ugonjwa fulani na wangapi walionekana nao. Gharama yake ni karatasi moja na kalamu.

Nawe msomaji, ukipewa majibu, uliza kwa adabu: Daktari, ugonjwa huu umeenea hapa kwetu msimu huu? Kipimo hiki chaonyesha ugonjwa wa leo au wa zamani? Je, kuna kipimo kingine cha kuhakikisha? Usiache dawa kwa sababu umesoma gazeti. Uliza kwanza, kisha mkubaliane.

Kuuliza si ujinga, na damu iliyopimwa ni yako.