Si Mbio za Mashua Tu

Wako watu ambao, wakisikia habari za mashua ndogo za vita, husema, "Wepesi umeishinda nguvu," kana kwamba neno limekwisha. Sisi hatukubali. Mbio zinazo, twakiri. Lakini mara nyingi aliyezifungulia mlango ni mwenye meli mwenyewe.

Na tutazame usiku wa kuamkia tarehe 28 Aprili 1944, katika ghuba ya Lyme, kusini ya Uingereza. Meli 8 za Marekani, zilizojaa askari na magari, zilikuwa zikifanya mazoezi ya kushuka pwani ya Slapton, kabla ya vita vya Normandy. Mashua 9 za Wajerumani zikatoka Cherbourg, zenye mbio zipatazo maili 40 za bahari kwa saa, zimechukua topido, yaani makombora yapitayo majini. Zikazamisha meli 2 na kuharibu nyingine. Wakafa watu wapatao 749, na mashua zote zikarudi salama.

Je, ni mbio tu? Sivyo. Manowari 2 ziliwekwa kuzilinda meli zile. Moja, Scimitar, iligongana na chombo kingine ikabaki bandarini, na badala yake haikufika kwa wakati. Ya pili, Azalea, ilipata habari ya adui kwa simu ya upepo. Lakini meli za askari hazikuisikia, maana hesabu ya mawimbi waliyopewa ilikosewa katika kupigwa chapa. Tena askari wengi, kwa kuwa hawakufundishwa, walifunga mikanda ya kuelea kiunoni badala ya kwapani. Walipojitupa baharini, mizigo ya mgongoni ikawapindua vichwa chini, nao wakafa maji kwa kitu kilichotengenezwa kiwaokoe.

Labda mtu atasema, "Vita ni vita, na giza ni giza." Twamjibu: giza halikuandika hesabu ile, wala adui hakuifunga mikanda ile. Kusifu mno wepesi wa adui ni njia rahisi ya kusitiri uzembe wa nyumbani. Nao ulisitiriwa, maana waliookoka waliamriwa kunyamaza. Lakini mficha maradhi, kifo humwumbua.

Baada ya msiba ule, mawimbi ya simu yalifanywa mamoja, na askari wakafundishwa kuvaa mikanda, kabla ya tarehe 6 Juni 1944. Basi dawa ilikuwa mkononi tangu mwanzo: karatasi iliyosomwa mara ya pili, na fundisho la saa moja. Tahadhari kabla ya hatari.