Kabla ya kulivisha gari lako vinili, tazama kilicho chini

Leo ningependa tuzungumze kuhusu kazi ndogo ya wikendi ambayo inaweza kukuokolea fulusi, lakini ambayo mimi nusura initie aibu. Nayo ni kazi ya kuvisha sehemu ndogo za nje ya gari karatasi ya vinili.

Mambo yalianza hivi. Gari langu ni kuukuu, la rangi ya fedha, mojawapo ya yale yanayoletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Mwaka jana wezi walinyofoa kava ya saidimira ya kushoto nikiwa kanisani. Juma lililofuata nilikwenda mjini nikanunua nyingine iliyotumika, rangi ile ile ya fedha. Sikupewa risiti wala sikuiuliza. Nilifurahi tu kwamba rangi imelingana.

Mwezi wa Aprili mwendesha bodaboda mmoja aliikwaruza kava hiyo hiyo. Bei aliyonitajia fundi wa rangi ingetosha kununua maziwa ya nyumba mwezi mzima. Hapo ndipo mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, aliponiambia: "Mjomba, weka pesa zako. Tutazivisha kava zote mbili vinili nyeusi, tena hapa hapa nyumbani."

Kwanza, vinili ni nini hasa? Ni plastiki ya PVC iliyolainishwa, ambayo njia yake iligunduliwa mwaka wa 1926 na mwanakemia wa Marekani, Waldo Semon. Kule Ujerumani, ambako teksi zilitakiwa ziwe na rangi ya pembe ya ndovu, wenye teksi wengi waliona ni heri kulifunika gari kwa vinili kuliko kulipaka rangi. Likichoka kazi, vinili hubanduliwa na gari likauzwa likiwa na rangi yake ya asili.

Ukienda dukani utakuta aina mbili. Ya kwanza hutengenezwa kwa kumiminwa ikiwa majimaji, kisha ikakaushwa. Hii ni nyembamba, kiasi cha mikroni 50 hivi, nayo hutulia vizuri kwenye mabonde na vilima vya kava. Ya pili hubanwa baina ya roli za chuma zenye moto. Ni nene zaidi na ni rahisi, lakini ina ukaidi: ukiivuta kwenye kona, siku za jua hujikunja ikitaka kurudi ilivyokuwa. Kwa sehemu bapa itakufaa. Kwa saidimira, lipa zaidi ununue ile ya kwanza. Kadhalika, mwombe mwenye duka ile yenye vijia vya hewa kwenye gundi, kwa sababu hiyo humsamehe mwanafunzi makosa mengi.

Ndugu msomaji, kazi yenyewe iko katika usafi. Sisi tuliosha kava kwa maji na sabuni, tukazipangusa, tukabandika. Tulisahau kwamba vijana wa kuosha magari walikuwa wamezipaka polishi juma lile. Mvua ya kwanza iliponyesha, kingo ziliinuka kama masikio ya mbuzi. Kwa hivyo ukishaosha na kukausha, pangusa kwa spiriti aina ya isopropili, ukitumia kitambaa kisichoacha nyuzi. Soma kibandiko cha chupa kwanza, maana spiriti nyingine za dukani hutiwa mafuta, nayo mafuta na gundi ni paka na panya.

Tafuta pahali penye kivuli pasipo na vumbi. Vinili hupenda joto la kiasi, nyuzi 20 hivi za selsiasi. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi huwa ngumu na haipindiki; kwenye jua la saa sita hushika kabla hujaipanga. Kama kava inaweza kuchomoka, ichomoe polepole, kwani vishikizo vyake ni vya plastiki na huvunjika upesi.

Kata kipande kinachozidi kava kwa sentimita tano kila upande. Bandua karatasi ya nyuma, shika vinili ukiwa na mwenzako, kisha uilaze katikati kwanza. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda, ivike kitambaa laini, halafu sukuma kutoka katikati kwenda pembeni, mpigo mmoja ukikanyaga mwingine kidogo. Penye mkunjo usilazimishe. Inua, pasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele hadi vinili ilegee kama chapati iliyotoka kikaangoni, kisha ilaze upya. Usiivute kupita kiasi, kwa sababu rangi hupauka na siku moja itajikunja. Kiputo kikibaki, kitoboe kwa pini na ukikande kwa kidole.

Ukataji nao una adabu zake. Tumia wembe mpya, tena kwa mkono mwepisi; ukikandamiza utachora rangi iliyo chini, na mchoro huo haufutiki. Acha ukingo wa milimita tano uukunje nyuma ya kava. Mwisho, zipashe joto kali kingo zote na sehemu ulizozivuta, ili vinili isahau umbo lake la zamani. Kwa aina ile ya kumiminwa, watengenezaji wengi hutaka nyuzi 90 hivi, na hapo mashine ya nywele huenda isitoshe. Azima mashine ya hewa moto kwa fundi. Usilioshe gari kwa siku tatu. Na watoto wakae mbali, kwani pana wembe, umeme na ndoo ya maji.

Sasa turudi kwa kava zetu zilizoinua masikio. Ilibidi tuzibandue. Ya kulia ilibanduka salama, kwa sababu rangi yake ni ya kiwandani. Ya kushoto ilitoka na rangi pamoja, kwani ilikuwa imepakwa upya kijuujuu. Chini yake tulikuta rangi nyeupe, na kwenye ile nyeupe, chini ya puti iliyokuwa ikimeguka, herufi na tarakimu zilizochongwa. Ilikuwa namba ya usajili wa gari la mtu mwingine.

Mpwa wangu alizisoma kwa sauti, kisha akanitazama. "Mjomba, huyu naye aliibiwa akiwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Mwezi mzima nilikuwa nimewalaani wezi mbele ya watoto, kumbe mimi ndiye niliyekuwa soko lao. Mpwa wangu hakusema neno jingine. Ningependelea anikemee.

Tungeweza kupaka puti, tukavisha vinili nyeusi juu yake, na hakuna ambaye angejua. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai. Niliipeleka kava hiyo kituo cha polisi nikaeleza nilivyoipata, ingawa miguu ilikuwa mizito. Kisha nikanunua kava mpya, yenye risiti, ya plastiki laini isiyopakwa rangi.

Na hapo, msomaji wangu, ndipo nilipoiona faida kubwa ya vinili. Kilichonipeleka kwa muuzaji yule ni kutafuta rangi inayolingana na gari langu. Ukijua kuvisha vinili, huhitaji rangi ilingane. Kava mpya ya rangi yoyote itafaa, mradi iwe laini, kwani plastiki yenye chembechembe haishiki gundi. Siku hiyo tulizivisha zote mbili nyeusi, na hadi leo hazijainuka.

Kwa hivyo kabla ya kufunika, chunguza. Penye kutu, ponya kutu kwanza, la sivyo itaendelea kula gizani. Penye rangi mpya, ngoja majuma manne ikauke barabara. Penye rangi ya kijuujuu, ujue itatoka na vinili siku ya kubandua. Usifunike taa wala namba ya gari. Na ukinogewa ukataka kulivisha gari zima rangi nyingine, waarifu NTSA, kwa maana rangi ya gari imeandikwa kwenye hati zake.

Jumapili hii, kabla hujashika wembe, shika kava ya gari lako uitazame vizuri. Kama uliinunua bila risiti, huenda una kazi nyingine ya kufanya kwanza.

Hadi juma lijalo, kwaheri ya kuonana.