Shanghai: kuta za wakimbizi zimekuwa hoteli, wenyeji wako wapi?

Mjini Shanghai, nchini China, kuna makampuni ya hoteli ambayo hayajengi maghorofa marefu. Yanachukua majengo ya zamani na kuyageuza kuwa hoteli ndogo za kifahari. Hoteli ya Waterhouse, karibu na mto Huangpu, ilifunguliwa mwaka wa 2010 ikiwa na vyumba 19 tu. Jengo lake ni la miaka ya 1930 na liliwahi kutumiwa na jeshi la Japani. Wasanifu wake, Lyndon Neri na Rossana Hu, waliacha kuta na makovu yake. Mgeni analipa pesa nyingi alale kando ya ukuta uliobanduka.

Hilo ni jambo jema. Jengo likibomolewa limekwenda, na historia yake inakwenda nalo. Lakini kuhifadhi kuta ni nusu ya kazi.

Tazameni mtaa wa Jian Ye Li, katika eneo ambalo zamani lilitawaliwa na Wafaransa. Ni safu za nyumba za matofali mekundu, za miaka ya 1930. Wakaaji walihamishwa, na tangu mwaka wa 2017 mtaa huo ni hoteli ya Capella, yenye nyumba 55 za wageni.

Wengi hawajui nyumba za aina hiyo, ziitwazo shikumen, zilianzaje. Wakati wa vita vya Taiping, kati ya mwaka wa 1850 na 1864, raia wengi walikimbilia Shanghai kutafuta usalama. Wafanyabiashara wakawajengea nyumba za kupangisha, zimepangwa safu kwa safu. Kutoka hapo ndipo ujenzi wa shikumen ulipozaliwa. Kwa hiyo, kinachouzwa leo kama uzuri wa kifahari kilianza kama kimbilio la watu waliokimbia vita.

Ni kweli, si wote waliolia walipohama. Katika mitaa hiyo, familia kadhaa zilibanana nyumba moja, jiko la pamoja, choo ni ndoo. Wengine walifurahia kupata fleti zenye maji na choo, hata kama ni pembeni ya mji, mbali na majirani.

Tangu Januari 2011, kanuni za China zinaomba mwenye nyumba inayochukuliwa na serikali asilipwe chini ya bei ya soko. Ni hatua nzuri. Lakini bei hiyo ni ya siku tangazo linapotolewa. Thamani inayokuja baadaye, mtaa ukishakuwa hoteli, haimfikii aliyehama. Hapo ndipo haki inapochechemea. Kampuni inayouza kumbukumbu za mtaa ingepaswa kuwapa watoto wa mtaa huo kazi kwanza, na kuandika mlangoni nani waliishi pale.

Kwa familia zilizokimbia vita hapa kwetu na kuacha parsele zao, somo liko wazi. Nyumba iliyopasuka si takataka. Siku moja mwingine anaweza kuona thamani yake. Basi karatasi za parsele zitunzwe, na majirani wanaojua mipaka wasipotezane. Mgeni anaweza kununua ukuta, lakini asinunue pia ukimya wa waliokaa ndani yake.