Jipime na wanao: Mnaijua ardhi mnayoikanyaga?

Wiki hii tuipumzishe homa na kikohozi. Waite watoto wakae mkekani, soma maswali haya saba kwa sauti, na kila mmoja ajibu kabla hujateremka kwenye jibu. Anayejua ajipe alama moja. Asiyejua asichekwe, maana na wewe mzazi zamu yako itafika.

Maswali ni ya jiografia, na utauliza yanatafuta nini kwenye ukurasa wa afya. Nitakwambia. Pwani kama yetu ya Msuka, maji yakikupwa mtoto wa miaka saba yuko mwambani anaokota kombe. Mama yuko kwenye mwani, kaka anachokoa pweza mbele zaidi, baba yuko chomboni. Likitokea jambo saa hiyo, mtoto hana daktari wala simu. Ana kile tu alichofundishwa nyumbani na skuli.

Swali la 1. Kweli au si kweli: ardhi ya dunia ni kipande kimoja kizima.

Si kweli. Mguse mtoto mchanga kichwani. Fuvu lake bado halijawa mfupa mmoja; ni vipande kadhaa vilivyokaa jirani, na utosini pana sehemu laini. Gamba la dunia nalo limegawanyika hivyo hivyo: vipande vikubwa saba na vidogo vingi, ambavyo wataalamu huviita mabamba. Utosi wa mtoto hufunga kwa umri, lakini mabamba hayaungani yakatulia. Chini yake kuna miamba yenye joto kali inayojongea polepole mno, na mabamba husogea pamoja nayo. Mengi huenda sentimita chache kwa mwaka, karibu na kasi ya ukucha wako unavyokua.

Swali la 2. Pemba imekaa juu ya bamba lipi: la Nubia, la Somali au la India?

La Somali. Afrika inapasuka taratibu kufuata Bonde la Ufa. Sehemu kubwa ya bara, iliyo magharibi ya ufa, ni bamba la Nubia. Upande wa mashariki, tuliko sisi, ni bamba la Somali. Alama za mpasuko huo ni nyingi hapa Tanzania: Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita 1,470, volkano ya Ol Doinyo Lengai inayotoa moto hadi zama zetu, na hata Mlima Kilimanjaro ni mtoto wa nguvu hizo hizo.

Mtoto akikuuliza kama Afrika itakatika kesho, mtulize kwa hesabu. Mabamba haya mawili huachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Hata tukisema milimita 5, mtu akiishi miaka 70 yatakuwa yameachana sentimita 35, rula moja ya skuli na kidogo juu yake.

Swali la 3. Kwa nini mkondo wa Pemba ni wenye kina kuliko mkondo wa Unguja?

Kati ya Unguja na bara bahari ni ya kina kifupi. Zama ambazo bahari ya dunia ilikuwa chini zaidi, mtu angeweza kwenda Unguja kwa miguu. Kwetu sivyo. Mkondo wa Pemba unashuka mamia ya mita, kwa sababu ardhi ya hapo ilipasuka na kuzama, na Pemba ikabaki imesimama pembeni. Kisiwa chetu kimekuwa peke yake kwa muda mrefu mno. Mwonyeshe mwanao yule popo mkubwa wa Pemba anayekula matunda. Bara la Afrika hakuna popo wa jamii yake. Ndugu zake wako Madagaska, Komoro na hadi Asia.

Swali la 4. Kweli au si kweli: matetemeko ni ya Japani na Uturuki, kwetu hayapo.

Si kweli. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikaharibika Bukoba na jirani zake. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 jingine la ukubwa unaokaribia 6 lilitokea chini ya bahari, kusini mashariki ya Dar es Salaam. Lilisikika Dar, Zanzibar na mpaka Mombasa. Wengi mnaukumbuka usiku ule. Watu walitoka nje wakiulizana kama ni wao tu waliotikiswa.

Matetemeko yetu si ya kila siku, na mara nyingi si makubwa. Lakini tupo jirani na ufa, kwa hiyo watoto wafundishwe.

Swali la 5. Nyumba ikianza kutikisika, mtoto akimbie mlangoni, au ajikinge alipo?

Ajikinge alipo. Tetemeko lenyewe mara nyingi haliui mtu. Kinachoua ni tofali, bati, kabati na kioo kinachoanguka, na wengi huumia wakiwa mbioni. Mfundishe mambo matatu: apige magoti chini, akinge kichwa na shingo kwa mikono au aingie chini ya meza imara, na aishikilie mpaka mtikisiko ukome. Ukikoma, mtoke taratibu na mkae mbali na ukuta na nguzo za umeme. Mkiwa tayari nje, bakini nje.

Mtu akiwa anatoka damu, bandika kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize bila kuachia. Aliyeangukiwa na kitu akalalamika shingo au mgongo, msimwinue ovyo. Mwacheni alale hivyo hivyo mpaka msaada ufike, isipokuwa mahali alipo pana hatari. Na usiku huu kabla ya kulala, tazama juu ya kitanda cha watoto. Sanduku zito lililowekwa juu ya kabati literemshwe.

Swali la 6. Ardhi ikitikisika Indonesia, linatuhusu nini sisi wa Msuka?

Linatuhusu sana, na hapa ndipo wengi hukosa alama. Mabamba ya kwetu yanaachana. Yenye hatari zaidi ni yale yanayogongana, moja likazama chini ya jingine. Huzama kwa kukwama. Nguvu hujikusanya kwa miaka mingi, kisha siku moja huachia na kuisukuma bahari yote iliyo juu yake. Hiyo ndiyo sunami.

Tarehe 26 Disemba 2004 iliachia namna hiyo mbele ya kisiwa cha Sumatra, kwa tetemeko la ukubwa wa 9.1. Kwa saa zetu ilikuwa kabla ya alfajiri. Mawimbi yalikwenda kwa kasi inayokaribia ya ndege ya abiria, yakavuka zaidi ya kilomita 6,000, na mchana wa siku ile ile yakafika Afrika Mashariki. Dunia nzima walikufa zaidi ya watu 220,000. Somalia peke yake walikaribia 300. Tanzania walifariki zaidi ya 10. Kenya, ambako watu walitolewa pwani mapema, alifariki mmoja. Bahari ilikuwa ile ile. Kenya watu waliambiwa kabla mawimbi hayajafika.

Wenye ndugu Maskati wajue pia habari ya Makran, ufukwe wa Pakistani ya leo, ambako bamba la Arabia linazama chini ya lile la Ulaya na Asia. Novemba 1945 palitokea tetemeko kubwa, na mawimbi yake yakafika Omani na Bombay. Na huku kwetu, ng'ambo ya mkondo, watafiti waliochimba Pangani walikuta mifupa ya watu waliofunikwa na sunami takriban miaka 1,000 iliyopita. Wazee wetu wa pwani hii jambo hili liliwahi kuwafika.

Swali la 7. Uko mwambani. Bahari inakupwa ghafla, na saa ya kukupwa haijafika. Utaokota samaki waliobaki, utapiga picha, au utakimbia?

Utakimbia. Hili ndilo swali lililonifanya niandike mengine sita.

Mtoto wa Msuka anaijua bahari kuliko mtoto wa mjini. Anajua bamvua na maji mafu, anajua leo maji yatajaa saa ngapi. Elimu hiyo ndiyo kinga yake, ukimwongezea sentensi moja tu: maji yakikupwa au kujaa kwa namna isiyofuata mwezi, ondoka.

Desemba ile ya 2004, msichana wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith, alikuwa na wazazi wake ufukweni Phuket, Thailand. Wiki mbili kabla, mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewafundisha sunami. Aliona bahari inafanya mapovu na maji hayatulii, akawang'ang'ania wazazi wake mpaka watu wakaondolewa. Ufukweni pale hakufa mtu.

Wapo na ambao hawakuhitaji kitabu. Kisiwa cha Simeulue kiko karibu mno na pale tetemeko lilipoanzia. Kilipigwa na sunami mwaka 1907, na tangu hapo mabibi wakawasimulia wajukuu neno moja, *smong*: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, panda mlimani. Mwaka 2004 kisiwa kilikuwa na watu wapatao 78,000. Walikufa saba.

Dalili ni tatu, na yoyote mojawapo yatosha: mtikisiko mkali au wa muda mrefu ukiwa pwani, bahari kukupwa au kupanda ghafla, na mvumo mkubwa kutoka baharini usiokuwa wa kawaida. Usisubiri zikamilike. Mara nyingine bahari haikupwi kwanza, inapanda moja kwa moja. Acha mwani, acha pweza, acha ndoo. Kimbilia mahali pa juu, au ndani ya kisiwa mbali na pwani, kwa miguu yako. Usirudi baada ya wimbi la kwanza, kwani la pili au la tatu huweza kuwa kubwa zaidi, na hufuatana kwa saa kadhaa. Mvuvi aliye bahari kuu asikimbilie bandarini. Huko kwenye kina wimbi hupita chini ya chombo.

Tetemeko likiwa la mbali, hatuhisi kitu, ila tunakuwa na saa za kujiokoa. Baada ya 2004 Bahari ya Hindi iliwekewa mfumo wa tahadhari, na kwa Tanzania anayetoa taarifa ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Ujumbe wa WhatsApp usiojulikana ulikotoka usiusambaze. Sikiliza redio, muulize sheha.

Sasa hesabuni alama

Aliyepata sita au saba awe mwalimu wa nyumba. Aliyepata tatu hadi tano arudie swali la 5 na la 7. Aliyepata chini ya hapo asijali majina ya mabamba. Ashike la 7 peke yake mpaka aweze kulisema usingizini.

Kisha mfanye kazi moja ya nyumbani. Chagueni mahali pamoja pa juu ambapo kila mtu wa nyumba atakwenda bila kumsubiri mwenzake, na mpatembelee Ijumaa jioni kwa miguu, hata bibi, hata mdogo wa miaka minne. Hesabuni dakika. Mama akijua kwamba watoto watakwenda huko wenyewe, hatarudi mwambani kuwatafuta. Nao wakijua mama atakuwa huko, hawatamrudia kwenye mwani.